Mkono Uliomshika Mama

Tokuma Isobe alikuwa mkulima wa vitunguu, na ungemuuliza kazi yake angekujibu hivyo hivyo, bila nakshi. Lakini kusini mwa kisiwa cha Awaji vitunguu kila mtu analima, hata mwalimu mkuu, hata mchonga majeneza. Tokuma alijulikana kwa sababu ndiye aliyekuwa anamshika Mama.

Mama alikuwa mwanasesere wa mbao, kimo chake cha mtoto wa shule, kimono cha kijivu, uso mweupe wenye nyufa ndogo kwenye kope. Wanasesere wa Awaji ni wakubwa kuliko wale wa Osaka, maana wao huchezeshwa uwanjani, kwenye upepo na watoto wanaotafuna, na aliyekaa nyuma kabisa naye anataka kuona. Basi ni wazito. Mmoja huchezeshwa na watu watatu. Wa kwanza huinama chini kwenye miguu. Na kwa kuwa wanasesere wa kike hawana miguu, huchezesha upindo wa kimono kwa vidole mpaka uonekane unatembea. Wa pili husimama kushoto, akachezesha mkono wa kushoto. Wa tatu ndiye mkuu. Yeye hupenyeza mkono wake wa kushoto mgongoni mwa mwanasesere, akashika kijiti cha kichwa, na uzito wote wa mbao na nguo ukaning'inia hapo begani kwake.

Watatu hao hawasemeshani mbele ya watu. Mkuu akitaka mwanasesere ageuke, apige hatua au alie, hutoa ishara kwa mwili: bega hushuka kidogo, nyonga husogea, pumzi hukatika. Wenzake huisoma ishara hiyo na kuifuata papo hapo. Asiyeweza kuisoma hubaki chini miguuni mpaka aweze, hata kama ujana utamwishia huko.

Ujana wa Tokuma uliishia huko kweli, shingo imekunjwa juu kama kuku anayekunywa maji. Kisha akapanda kushoto, akakaa miaka. Alipokabidhiwa kichwa cha Mama tayari alikuwa na mvi, na mkewe Shizue alisema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani akala bakuli nne za wali bila kutamka neno. Kushoto kwake akasimama Yasoji, fundi wa matrekta, rafiki yake tangu wote wawili hawajajua kufunga mkanda. Chini akainama Minae, muuzaji wa duka la ushirika, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mgongo wa chuma.

Mambo yalianzia kwenye sherehe ya vuli, kwenye uwanja wa hekalu. Katika mchezo wanaoucheza kila vuli kuna mahali ambapo Mama huinua uso kuutazama mlima alikopotelea mwanawe. Mghani akamaliza ubeti, gambusi la nyuzi tatu likalia, Tokuma akainua kichwa, na katikati ya kuinua bega lake likashuka. Uso wa Mama ukatetemeka, ukasita, ukaendelea kupanda. Mabibi wa mstari wa mbele wakaangua kilio.

"Mzee, leo umetuua," Minae alisema nyuma ya jukwaa, akivua kitambaa cheusi cha uso. "Kile kitetemeko umekitoa wapi?"

"Anazeeka, anaanza kunoga," Yasoji akadakia. "Kama kabichi ya kuchacha."

Tokuma hakujua kitetemeko kimetoka wapi. Akazipokea sifa kama mtu aliyeletewa kifurushi cha jirani.

Yasoji na Minae wakalihesabu lile bega kuwa ishara mpya, wakajifunza kuifuata. Lakini majira ya baridi, kwenye mazoezi, bega likaanza kushuka mahali ambapo Mama hana sababu ya kulia. Likashuka Mama akipika. Likashuka Mama akifagia. Hapo Yasoji akaelewa kwamba haikuwa ishara. Siku hiyo, bila kumwambia mtu, akaupeleka mkono wake wa kushoto, ambao hauna kazi kubwa, chini ya kiuno cha Mama, akauinua uzito kidogo. Wiki iliyofuata Minae naye, kule chini, akaweka utosi wake chini ya matako ya Mama na kusukuma. Hawakupanga wala kuambizana. Kila mmoja aliona mwenzake anafanya, akatazama pembeni.

Ungedhani mtu mzima angefungua kinywa aseme. Lakini kumwambia mkuu kwamba bega lake limeshuka ni sawa na kumwambia aondoke, na hakuna aliyemtaka Tokuma aondoke. Heshima ni nguo nzuri, ila watu wa kisiwa kile huivaa hata wanapozama majini.

Nyumbani hakukuwa na wa kumsukumia kwa utosi. Ulipofika wakati wa mavuno, vitunguu vikafungwa mafungu na kutundikwa kwenye fito za banda, na Tokuma akajikuta anatupa mafungu kwa mkono wa kulia tu, kama mtu anayecheza mpira. Fungu likimponyoka anasingizia kamba. Kisha jioni moja Shizue akamsugua mgongo bafuni, akaona. Bega la kulia lilikuwa bega la mkulima. La kushoto, mfupa ulikuwa umechomoza, na nyama iliyokuwa imeuzunguka imekwenda, pamebaki kibonde ambacho maji ya kuoga yalituama ndani yake.

Akamfinya. "Unasikia?"

"Aa! Nasikia, kwani mimi gogo?"

"Kuna ganzi? Panauma?"

"Pataumaje bila sababu? Isipokuwa hapo unapofinya."

Shizue akauchukua mkono ule na kuukausha kwa taulo taratibu kuliko kawaida. Kaka yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa unaokula misuli. Ulianza mkononi, ukamalizia kwenye pumzi. Jina la ugonjwa ule halikutajwa nyumbani kwao, hata redio ikilitaja Shizue alikuwa akiizima.

"Baba Nagisa," akamwita kwa jina la mtoto wao, "twende hospitali."

"Nikaambiwe nini? Kwamba nimezeeka? Hilo wewe unaniambia bure kila siku."

"Huwezi kuinua fungu la vitunguu."

"Na jana nilimshika Mama mwanzo hadi mwisho. Mama ana uzito kuliko mafungu yako yote hayo. Sasa nieleze, mkono unaomshika Mama una ugonjwa gani?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Kila Shizue alipoanza habari ya hospitali alirudishiwa Mama, na Mama alikuwa ushahidi usiopingika, umesimama wima mbele ya kijiji kizima. Mwaka ukapita. Ukaja mwingine, kibonde kikawa shimo, na mkono wa kushoto ukaacha hata kufika kwenye kitasa cha juu cha kabati. Sherehe ya vuli ikachezwa tena, mabibi wakalia tena.

Ilikuwa wakati wa mvua za katikati ya mwaka, vitunguu vimeshatundikwa, ndipo Tokuma alipochoshwa na macho ya mkewe. Akasimama katikati ya chakula cha mchana.

"Vaa viatu. Njoo nikuonyeshe, halafu uniache na amani yangu."

Wakaenda hadi stoo ya hekalu, wawili chini ya mwavuli mmoja. Tokuma akamtoa Mama kwenye sanduku lake, akamwegemeza mezani, akapenyeza mkono wa kushoto mgongoni mwake. Alitabasamu. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kushinda kesi. Akavuta pumzi, akainua.

Mama hakuinuka. Kichwa kikayumba, kikainama, kikamlalia Tokuma kifuani kama mtoto aliyesinzia ibadani. Akajaribu tena. Akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia na kuusukuma juu, ukapanda, akauachia, ukashuka pamoja na Mama. Shizue alikuwa ameinama chini, ameshikilia upindo wa kimono usiguse vumbi, na hakuthubutu kutazama juu. Kisha Tokuma akamlaza Mama sandukuni, akamfunika.

"Yasoji," akasema.

Alimkuta Yasoji uvunguni mwa trekta, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akasimama kando ya miguu hiyo, anatiririka maji ya mvua.

"Tangu lini?"

Yasoji hakuuliza tangu lini nini. Kule uvunguni spana ikatulia.

"Mwaka juzi. Baada ya ile sherehe waliyolia sana."

"Na Minae?"

"Minae pia. Anasukuma kwa utosi. Nywele zimeshaanza kukatika hapo juu, anasingizia sabuni ya dukani kwao."

Siku nyingine yoyote wangecheka. Tokuma akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Kwa hiyo aliyekuwa anachezeshwa ni mimi."

"Toku, ningekwambiaje? Ungeacha."

"Ndiyo, ningeacha! Ningeacha, nikaenda hospitali, mke wangu akapata usingizi! Unafikiri nilikuwa nakataa kwa ubishi? Nilikuwa naupima mkono wangu kwa Mama. Sikuwa na mizani nyingine. Na nyinyi mmeweka vidole kwenye mizani."

Yasoji akatoka uvunguni, amechafuka grisi, machozi yanamchuruzika bila aibu yoyote. Tokuma alitaka kumpiga. Mkono uliokuwa karibu naye ulikuwa wa kushoto, na hata huo hasira haikuufikia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kitu kuhusu mtu anayefichiwa maradhi yake mwenyewe, tena na wampendao.

Wakavuka kwenda Kobe kwa feri, watatu, maana Yasoji alikuja gatini bila kualikwa, amevaa suti ya mazishi, ndiyo suti pekee aliyokuwa nayo. Hakuna aliyemfukuza. Njia nzima, Shizue akimtazama mumewe alikuwa anamwona kaka yake.

Daktari Kusumoto alikuwa mwanamke wa makamo, msema taratibu. Akamlaza Tokuma, akambandika visahani vya chuma begani, akaugusisha umeme chini ya shingo. Akaanzia upande wa kulia. Bega likaruka lenyewe, na kwenye kioo cha mashine mstari ukapanda kama mlima. Akahamia kushoto, pale pale, umeme ule ule. Bega likashtuka kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe akifukuza inzi, na kwenye kioo kikatokea kichuguu.

"Ongeza," Tokuma alisema.

"Nimeshaongeza, mzee. Huo ndio mwisho wake."

Akapima vidole pia, vikajibu vizuri. Akapima hisia za ngozi, zikasafiri bila tatizo. Akamchoma sindano nyembamba kwenye misuli ya mkono, ya mguu, hata ya ulimi, na mashine ikawa inakoroma au inanyamaza kulingana na mahali. Ilipofika zamu ya ulimi Shizue alishika kingo za kiti. Ugonjwa wa kaka yake ulikuwa umefika kwenye ulimi. Mashine ikanyamaza kimya. Baadaye picha za shingo zikatundikwa kwenye taa.

"Kwanza niwaambie hili," daktari alisema. "Si ule ugonjwa mnaouogopa."

Shizue akainamisha paji la uso mpaka likagusa meza, akalia kwa sauti, na Tokuma akampapasa mgongo kwa mkono wa kulia. Kwa muda ule mfupi hakukuwa na watu wenye furaha kuliko wao katika jengo lote.

"Ni shingo," daktari akaendelea. "Pingili zimechakaa, zimeota vijino vya mfupa. Vijino hivyo vinabana mishipa ya fahamu inayopeleka amri begani, pale pale inapotokea kwenye uti. Ile inayoleta hisia iko upande wa pili, haikuguswa, ndiyo maana hukuona maumivu wala ganzi. Unasikia kila kitu. Amri tu ndiyo haifiki. Na misuli isiyopata amri kwa muda mrefu hunyauka."

"Ishara inatoka, haifiki," Tokuma alisema.

"Naam. Hivyo hivyo."

"Ni kwa sababu ya kuinama? Vitunguu? Miguu ya Mama?"

"Siwezi kukuapia. Wengine wamekaa ofisini maisha yao yote na shingo zao ni kama yako."

"Haya. Ukiifungua njia, bega litarudi?"

Daktari alikitazama kile kichuguu. "Lingekuwa jambo la miezi michache, ningekujibu kwa furaha. Lilianza lini?"

"Mimi sijui," Tokuma akasema, akaelekeza kidevu kwa Yasoji. "Muulize huyu."

Yasoji akasimama, mikono imebanwa mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, akasimulia yote: bega, kitetemeko, kiuno cha Mama, utosi wa Minae. Daktari Kusumoto alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia, na afadhali angemkaripia.

"Tutapasua ili ubaya usisonge mbele," alisema hatimaye. "Kuhusu kurudi, kitarudi kidogo. Pengine cha kuinua bakuli."

Wakampasua. Miezi ikapita, akafanya mazoezi aliyofundishwa, kwa utiifu ambao Shizue hakuwahi kuuona ndani ya nyumba yake. Na asubuhi moja ya masika, mkono wa kushoto ukaipandisha bakuli ya wali kutoka mezani hadi kidevuni. Shizue akaenda jikoni moja kwa moja kuchemsha maharagwe mekundu ya wali wa sherehe. Tokuma alikula huku amefurahi kwa ajili yake. Yeye mwenyewe alijua kwamba pale kidevuni ndipo mwisho wa safari. Bakuli ya wali si Mama.

Kwenye kikundi, Yasoji alikataa katakata kushika kichwa.

"Simshiki. Nimeshamshika vya kutosha kwa wizi."

"Basi akae sandukuni aliwe na nondo?"

"Tutasubiri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Toku."

"Koleo lenyewe ni mimi, pumbavu we. Lililovunjika ndilo linalokwambia kamata nyundo." Tokuma akainua mkono wake wa kulia. "Mimi nitasimama kushoto. Mkono wa kushoto wa Mama huchezeshwa kwa mkono wa kulia wa mtu, na wa kulia ninao. Nitajifunika kitambaa cheusi, hakuna atakayeniona."

Minae, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. "Na mimi?"

"Wewe acha nywele zako ziote."

Vuli ikafika. Uwanja wa hekalu ukajaa, mabibi wakakaa mstari wao wa mbele na vitambaa vyao vya mkononi tayari magotini. Yasoji alisimama katikati, uso wazi kama ilivyo desturi ya mkuu, jasho limemtoka kabla ya gambusi kulia. Kushoto kwake, ndani ya nguo nyeusi, Tokuma alikishika kijiti cha mkono wa Mama. Walikwenda vizuri. Mama akapika, akafagia, akakunja nguo za mwanawe. Yasoji alikuwa na mkono mzito kidogo, lakini alikuwa mkweli, na Tokuma aliona wivu na fahari vikimbana mahali pamoja kifuani.

Wakafika mahali pa mlima. Mghani akamaliza ubeti. Gambusi likalia. Mama hakuinua uso.

Mwanzoni Tokuma alidhani Yasoji amesahau. Akasubiri ishara. Haikuja. Mpiga gambusi, mtu mzoefu, akairudia sauti ile ile polepole, kana kwamba ndivyo mchezo unavyokwenda. Mama alisimama ameinamisha kichwa. Chini, Minae aliganda na upindo mkononi. Ndipo Tokuma akahisi mwili uliogusana na wake umekaa kimya na uko macho, kwa namna aliyoijua vizuri, kwa sababu hivyo ndivyo Yasoji alivyosimama kando yake miaka yote ile. Yasoji alikuwa anamsubiri yeye. Alikuwa ameshika kichwa cha Mama mbele ya kijiji kizima, na alikuwa anasubiri bega la Tokuma lishuke.

Na Tokuma, Mungu amsamehe, alijaribu. Alitoa ishara kama alivyoitoa maisha yake yote. Aliisikia inaondoka. Haikufika popote. Bega la kushoto lilining'inia tu ndani ya nguo nyeusi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulisoma.

"Yaso," akasema kwa chini, ndani ya kitambaa. "Usinisubiri."

Shingo ya Yasoji ikatikisika.

"Usinisubiri tena, kaka. Nenda naye."

Yasoji akavuta pumzi. Bega lake likashuka, ishara ngumu, ya mtu anayeitoa kwa mara ya kwanza, na Tokuma akaisoma. Mama akainua uso kuutazama mlima, na mkono wake wa kushoto ukapanda pamoja nao mpaka kwenye macho. Mabibi wakaanza kulia. Chini ya kitambaa cheusi mtu naye anaweza kulia apendavyo, mradi mkono ufuate. Wa Tokuma ulifuata.